Mastaa, acheni kuficha upande wa pili wa sindano za mashavu!

Staa anatupia picha za kabla na baada, mashavu yamejaa, kliniki kaitagi. Mashabiki kazi yao kuuliza bei tu. Jamani, bei siyo ishu! Ile ni jeli inadungwa chini ya ngozi, na baada ya miezi kadhaa inaisha, mtu anarudi kulipa tena. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka. Jeli ya hailuroniki ina dawa yake ya kuiyeyusha, ila kliniki wanayo? Anayedunga ni daktari au fundi wa saluni? Staa anayekula hela ya tangazo halafu kimya, huyo anawauza mashabiki wake. Mdada asiyejibiwa hayo mawili, abaki na mashavu yake.