Programu ikiganda, seva isizimwe

Tarehe 7 ya mwezi ndiyo mwisho wa kulipa PAYE, na tarehe 20 ndiyo mwisho wa ritani ya VAT. Hakuna mhasibu Tanzania asiyezijua tarehe hizo. Siku hizi kampuni nyingi zenye matawi mikoani huweka mfumo wa uhasibu kwenye seva moja, mara nyingi Dar es Salaam, na wafanyakazi wa Mbeya, Mwanza au Sumbawanga huingia kwa rimoti. Ni mpango mzuri. Data inakaa sehemu moja, nakala rudufu inachukuliwa sehemu moja, na hata kompyuta ya zamani pale tawini inatosha kwa kazi.

Shida huanza programu inapoganda. Dirisha linapauka, kiduara kinazunguka bila kikomo, na mhasibu anabofya alama ya X juu ya skrini, anaingia upya, na kuikuta programu ileile imeganda palepale. Anapiga simu makao makuu. Makao makuu wanaizima seva na kuiwasha tena. Yeye anapona, lakini wenzake wa matawi yote, waliokuwa katikati ya ankara na mishahara, wanapoteza kila walichokuwa hawajahifadhi.

Tunasema utaratibu huu ukome. Kuwasha upya seva iwe hatua ya mwisho kabisa, na kila mfanyakazi anayeingia kwa rimoti afundishwe, tena aruhusiwe, kuifunga mwenyewe programu yake iliyoganda.

Ile X ya juu haimtoi mtu kwenye seva. Inakata tu picha inayokuja kwenye skrini yake, huku sesheni yake ikiendelea kuishi kule na kila kitu alichokifungua. Windows isipopangiwa muda wa kuifunga sesheni ya namna hiyo, itaiacha hai hata kwa siku kadhaa. Na kwa mazingira yetu hiyo ni neema kubwa. Umeme ukikatika Sumbawanga saa tisa alasiri, jedwali ambalo mhasibu hajalihifadhi linabaki salama kwenye seva. Umeme ukirudi anaingia na kuendelea na safu aliyoishia. Lakini uhai huohuo unaitunza pia programu iliyokufa, pamoja na mafaili iliyoyashika. Ndiyo maana mwenzake wa Mwanza akijaribu kufungua faili hilo anaambiwa linatumiwa na mtu mwingine, wakati huyo mtu mwingine ameshakwenda nyumbani.

Dawa haigharimu hata shilingi. Mtumiaji wa kawaida wa Windows anaweza kuzifunga programu alizozifungua mwenyewe bila kuwa na mamlaka ya msimamizi. Kinachowakwaza wengi ni vitufe. Kwa mazoea wanabonyeza Ctrl, Alt na Del, na vitufe hivyo hukamatwa na kompyuta iliyo mbele yao. Task Manager, yaani orodha ya programu zinazoendeshwa, inayofunguka ni ya kompyuta ya tawini, na humo programu ya uhasibu haimo. Ukiwa kwenye seva kwa rimoti, bonyeza Ctrl, Alt na End. Hapo inatokea skrini ya seva yenyewe, unachagua Task Manager, unaitafuta programu yako na kuifunga hiyo peke yake. Kama laptopu yako haina End, bofya kulia kwenye upau ulio chini ya skrini ya seva na uichague Task Manager hapo. Ikishindikana, chagua kutoka kabisa kwenye akaunti yako, yaani Sign out, badala ya ile X. Sesheni yako itakufa, za wenzako zitabaki.

Kabla ya kufunga chochote, mtu ajiridhishe kwamba programu imeganda kweli. Windows huandika kwamba programu haijibu baada ya dirisha lake kunyamaza kwa sekunde 5 tu, na ripoti ya mwaka mzima ya stoo inaweza kunyamaza kwa muda mrefu kuliko huo huku ikifanya kazi yake barabara. Kwenye Task Manager tazama safu ya CPU. Namba zikicheza, subiri. Wakati mwingine programu inasubiri jibu la Ndiyo au Hapana kwenye kijidirisha kilichojificha nyuma ya dirisha kubwa. Alt na Page Up, ambavyo kwenye rimoti hufanya kazi ya Alt na Tab, vitakutoa kijidirisha hicho. Wakati mwingine inasubiri printa ya tawini ambayo imezimwa. Na kama programu iliganda katikati ya kuposti miamala au kuchukua nakala rudufu, piga simu kwanza. Mifumo ya zamani inayotumia faili moja kwa watu wote inaweza kuharibikiwa na data ikikatwa inapoandika, na hasara ya hapo ni kubwa kuliko saa moja ya kusubiri.

Tena si kila kuganda ni kosa la programu. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki ilizorota. Mtu aliyekuwa ameingia kwenye seva iliyoko Ulaya siku zile hakuwa na programu ya kufunga, maana tatizo lilikuwa baharini. Kipimo ni rahisi. Usiutazame mshale wa kipanya, kwa sababu unachorwa na kompyuta yako mwenyewe na utaendelea kutembea hata mawasiliano yakiwa yamekufa. Fungua menyu ya Start ya seva. Ikifunguka, njia ni nzima na mgonjwa ni programu. Isipofunguka, angalia mtandao kabla ya kumlaumu mtu.

Sasa tuwageukie wasimamizi, kwa kuwa hapa ndipo penye uzito. Baadhi yao wameifungia Task Manager kwa watumiaji wote, kwa hoja ya usalama. Tunaielewa hofu hiyo, ila hatuikubali. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuifunga programu ya mwenzake wala huduma za seva, kwa hiyo kumnyima Task Manager kunaongeza simu tu, wala seva haipati ulinzi wowote. Hata pale mtumiaji anaposhindwa, msimamizi hana sababu ya kukimbilia kuzima seva. Amri ya query session inamwonyesha walioingia na namba ya sesheni ya kila mmoja, na amri ya logoff ikifuatiwa na namba hiyo inamwondoa mmoja tu. Apange pia muda wa kuzifunga sesheni zilizoachwa wazi, lakini uwe wa saa nyingi. Akiweka dakika 10 atakuwa ameifuta ile neema tuliyoitaja, na kila umeme ukikatika mtu wa mkoani atapoteza kazi yake.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Programu inayoganda kila mwisho wa mwezi ina kasoro inayohitaji kutibiwa na aliyeitengeneza. Ukizoea kuiwasha upya seva, kasoro hiyo haichunguzwi na mtu. Windows yenyewe hurekodi, kwenye Event Viewer, tukio namba 1002 likiwa na jina la programu iliyoganda na wakati ilipoganda. Msimamizi azitoe rekodi hizo kila mwezi, aongeze maelezo ya mtumiaji kuhusu alichokuwa akifanya, na azipeleke kwa muuzaji wa mfumo. Kampuni zinalipa ada ya matengenezo kila mwaka. Muuzaji atakayeletewa rekodi za miezi mitatu zenye saa na jina la ripoti iliyogandisha mfumo hawezi tena kujibu kwamba tatizo ni intaneti yenu, na malipo ya mwaka unaofuata yasubiri mpaka atoe marekebisho.