Pontiac Imekufa, Injini Haijakaa Matanga

Mpwa wangu anayeishi Houston alituma picha kwenye grupu la familia saa tano usiku, wakati huko kwao jua bado linawaka. Gari la rangi ya fedha, milango mitano, Pontiac Vibe ya mwaka 2009, bei chini kuliko Corolla ya umri huo huo. Aliandika maneno machache tu: "Shikamooni wazee. Nilichukue?"

Kufika alfajiri walikuwa wameshalizika. Shemeji alisema Pontiac ilifungwa siku nyingi, spea atazitoa wapi. Shangazi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akaleta kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Binamu yangu wa Mwanza akafunga mjadala kwa herufi kubwa: USINUNUE GARI LA MAREHEMU. Vidole gumba vikafuata, kumi na kitu.

Kule grupuni nilinyamaza kwa adabu, maana shangazi ni shangazi. Hapa sinyamazi. Hii imani kwamba jina la gari likifutwa basi na spea zake zimefutwa ni uvivu wa kufikiri, na ni uvivu wa gharama. Unatufanya tulipie nembo ya mbele bei ambayo hatungelipia chuma kilicho nyuma yake. Mbaya zaidi, unatupa usingizi mnono juu ya magari mabovu, mradi tu majina yao yangali hai.

Tuanze na marehemu mwenyewe. Aprili 2009 General Motors ilitangaza kwamba inaachana na jina la Pontiac. Juni mwaka huo GM yenyewe ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi, na 2010 ilipokuwa inaisha Pontiac haikuwa tena na wakala. Hayo hayana ubishi. Ila kilichozikwa ni jina. GM ipo mpaka leo, na Vibe, kwa yale yanayolifanya gari liende, haikuwa ya Pontiac tangu kuzaliwa. Ilitengenezwa Fremont, California, katika kiwanda cha NUMMI ambacho GM na Toyota walikianzisha kwa ubia mwaka 1984. Chini yake ni Corolla. Pacha wake ni Toyota Matrix. Vibe za kwanza zilikuja na 1ZZ-FE ya lita 1.8, na zile za 2009 na 2010 zikaja na 2ZR-FE ya ukubwa huo huo, au 2AZ-FE ya lita 2.4. Zote za Toyota. Mtajie fundi yeyote wa Dar es Salaam herufi hizo, uone kama atakunja uso.

Hapo hapo Fremont zilitoka Vibe zenye usukani wa kulia, zikapakiwa melini kwenda Japani, na huko zikauzwa kwa jina la Toyota Voltz kati ya 2002 na 2004. Wajapani hawakuzichangamkia. Na gari ambalo Mjapani hakulichangamkia tunajua safari yake: mnada, bandari, kwetu. Voltz zipo Dar, zipo Nairobi. Si nyingi, lakini zipo, na hakuna anayemwambia mwenye nayo kwamba anaendesha maiti, kwa sababu mbele kuna ile nembo ya Toyota.

Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza ndugu mmoja mwenye Voltz kwenda Gerezani, Kariakoo. Pampu ya maji ilikuwa inavuja. Duka lenyewe upana wake haukuzidi mlango, gasketi zimening'inizwa mpaka darini kama mitandio. Kijana wa kaunta hakuuliza gari gani. Aliuliza, "Injini gani?" Tukamwambia 1ZZ. "Ya zamani mmekuja nayo?" Tukaifungua kutoka kwenye gazeti. Akaifuta kwa kidole gumba, akahesabu matundu ya bolti, akageukia rafu, akaweka pampu mbili mbele yetu: mpya ya kwenye boksi, na nyingine used, "ya Dubai" kama wanavyosema. Akaigeuza ya zamani juu ya ile mpya, zikakaa kama kifuniko na sufuria. Ni pampu ile ile inayoingia kwenye Corolla, Allion, Premio na Wish za injini hiyo. Neno Voltz halikutamkwa na mtu yeyote mle dukani. Dakika kumi tukawa tunatafuta maji ya kunywa.

Sitaki kudanganya, gari lile lilikuja kututesa. Bodaboda aligonga taa ya mbele kushoto, na taa hiyo, ndugu yangu, haina ukoo. Ya Corolla haiingii. Ya Matrix haiingii. Tulisubiri karibu mwezi mzima mpaka mfanyabiashara mmoja alipoipata Sharjah, kwenye magari yaliyokatwa. Kwa hiyo swali la kuuliza lipo, ila si lile la shemeji. Usiulize kampuni ipo au haipo. Uliza injini na giaboksi hii iko kwenye magari mangapi mengine ya mtaani, halafu uliza taa, bampa na kioo cha mbele vinatoka wapi. La kwanza likijibika vizuri, la pili ni usumbufu tu wa kupangia bei.

Na tuambiane ukweli, sisi wa huku kampuni inatuhusu nini? Magari mengi yaliyojaa barabara za Dar hayakuuzwa hapa na wakala yeyote. Tuliyatoa Japani yakiwa yameshatumika, na lolote ambalo kiwanda kilimwahidi mnunuzi wa kwanza liliishia baharini. Spea tunanunua Gerezani na Ilala, wenzetu wa Nairobi wananunua Kirinyaga Road. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kupiga simu Nagoya kuulizia bushi.

Halafu tunaowaogopa marehemu, hebu tuhesabu tunaoishi nao nyumbani. Toyota iliacha kutengeneza Starlet 1999. Carina na Corona, 2001. Mark X, ambayo vijana bado wanaivunjia benki, ilikoma 2019. Matanga ya nani tuliyakaa? Carina Ti mpaka leo ina fundi chini ya kila mwembe. Datsun ndiyo kichekesho kabisa: Nissan ililizika jina hilo miaka ya 1980, ikalifufua mwaka 2013, ikalizika tena 2022. Mwenye pikapu ya zamani ya Datsun kijijini hakuhudhuria msiba wowote kati ya hiyo miwili.

Upande wa pili, angalia walio hai. Mitsubishi ipo, inatengeneza magari kila siku. Nenda na Pajero iO ya injini ya GDI kwa fundi wa kawaida, uone anavyotafuta udhuru. Ule mfumo wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda una pampu ya presha kubwa isiyopatana na mafuta yetu machafu, na mafundi wengi hawataki kuigusa. Toyota Opa nayo ni somo zuri. Kuna Opa ya 1ZZ-FE, hiyo unahudumiwa kama mwenye Corolla. Kuna Opa ya 1AZ-FSE, yenye mfumo wao wa namna hiyo, D-4, na hiyo ina kesi za namna ile ile ya GDI. Nembo moja, umbo moja, hata mlangoni hutazitofautisha. Moja inakwenda kazini, nyingine unaikuta juu ya mawe uani, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Uhai wa Toyota ulimsaidia nini mwenye hiyo ya pili?

Kifo cha kampuni kinauma mahali fulani, nakubali. Saab ya Sweden ilifilisika Desemba 2011, si jina tu, kampuni nzima. Hata hivyo biashara yake ya spea ilibaki, ikapewa jina la Orio, na wenye Saab wakaendelea kununua. Lakini Fisker, iliyokimbilia mahakama ya mufilisi Marekani Juni 2024, ni habari nyingine. Gari lake la umeme, Ocean, linategemea programu kama simu inavyotegemea, na programu haina duka Gerezani wala haikatwi kutoka kwenye gari bovu. Angekuwa mpwa wangu ameleta picha ya hilo, ningeandika herufi kubwa kumshinda binamu.

Kuna wanaosema, sawa, spea zipo, ila siku ya kuuza utamuuzia nani? Utamuuzia mtu wa bei ya chini, kama wewe ulivyonunua kwa bei ya chini. Aliyepoteza ni mnunuzi wa kwanza aliyelitoa dukani. Hofu ya shemeji yako ndiyo punguzo lako, na ukikaa na gari miaka sita punguzo hilo umeshalila lote.

Mpwa wangu nilimpigia pembeni ya grupu. Nilimuuliza injini, akasema 1.8. Nikamwambia vizuri, kwa sababu ile 2.4 ya miaka hiyo ina sifa ya kunywa oili, na hilo ni tatizo la Toyota aliye hai, si la Pontiac aliyekufa. Nikamwambia aangalie mifuko ya hewa, maana Vibe zilikuwamo kwenye ule mwito mkubwa wa kubadilisha mifuko ya Takata. Wakala wa GM anabadilisha bure akipewa namba ya chasisi. Kisha nikamuuliza jambo ambalo kati ya wazee wote wa grupu hakuna aliyeligusa: gari hilo lilikuwa wapi Agosti 2017, Kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston? Gari lililolala majini linaoshwa, linapulizwa manukato na kuuzwa, nyaya zikiwa zinaoza kimya kimya. Inua zulia, nikamwambia. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una mstari wa tope. Hapo ndipo pesa zake zingepotelea, na wala pasingehusiana na Pontiac.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, hilo hata sikuliwaza."

Jumamosi alimlipa fundi wa huko akalipandisha juu na kulikagua. Zulia kavu, mkanda safi, mifuko ya hewa ilishabadilishwa. Akapunguziwa bei tena kidogo kwa sababu ya jina, akalichukua.

Grupuni binamu wa Mwanza ameweka kikaragosi cha kulia. Sijamwambia bado kwamba Voltz yake ya rangi ya damu ya mzee, ile niliyomsindikiza nayo Gerezani, ile aliyoisifia miaka minne na kuiuza kwa machozi, ilitoka Fremont, kiwanda kimoja na hizo Pontiac.