Kila Kitu Kilipimwa Isipokuwa Pesa



Vijana wengi tunaowafundisha dini wanapenda mbio za magari. Huzitazama katika simu zao, na majina ya madereva huwatoka mdomoni kwa wepesi kuliko majina ya mitume kumi na wawili. Hatuoni dhambi katika jambo hilo. Gari linalokwenda kasi namna ile limeundwa kwa akili aliyotujalia Mungu, na ujasiri wa kuliendesha ni kipaji. Lakini mchezo huo una historia isiyoonyeshwa katika picha hizo, na sisi tulio walimu wa dini tungefanya vema kuijua, kwa kuwa inagusa amri ya nne na amri ya saba kwa pamoja.

Historia hiyo ni ya Marekani. Tangu 1920 hadi 1933 sheria ya nchi ile ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe. Wakulima wa milima ya Appalachia, ambao wengi wao walikuwa maskini, walijua tangu zamani kugeuza mahindi kuwa pombe kali, mfano wa kanyanga ya Kivu au lutuku ya Katanga, nayo ilileta fedha zaidi kuliko mahindi yenyewe sokoni. Marufuku ilipoondolewa, biashara iliendelea kwa siri ili kukwepa kodi. Mizigo ilisafirishwa usiku hadi miji kama Atlanta kwa magari ambayo kwa nje yalionekana ya kawaida, kumbe injini zimeongezewa nguvu na springi za nyuma zimekazwa ili gari lisionekane limelemewa. Dereva aliyewashinda polisi usiku alitamani kujua kama angemshinda dereva mwenzake mchana, mbele ya watu. Ndivyo viwanja vya udongo vya Georgia na Carolina Kaskazini vilivyowapata baadhi ya mashujaa wao wa kwanza.

Raymond Parks wa Georgia alitajirika kwa pombe hiyo na kwa bahati nasibu ya siri, na katika miaka ya 1930 alifungwa gerezani kwa sababu ya pombe. Yeye ndiye aliyewanunulia magari madereva kadhaa waliokuwa bora wakati ule. Mmoja wao, Lloyd Seay, alishinda mashindano ya Atlanta tarehe 1 Septemba 1941. Kesho yake binamu yake alimpiga risasi, akafa, katika ugomvi juu ya deni la sukari ya kupikia pombe. Alikuwa na umri wa miaka 21. Wako wanaosimulia habari za siku zile kama kichekesho cha wanakijiji werevu na polisi wazembe. Sisi tungewaomba wasiiruke habari ya sukari hiyo.

Mwezi wa Desemba 1947, Bill France aliwakusanya madereva, wenye magari na wenye viwanja katika hoteli moja ya Daytona Beach, Florida, na mwanzoni mwa 1948 chama cha NASCAR kikaundwa. Bingwa wake wa 1948, na tena wa 1949, Red Byron, askari aliyejeruhiwa mguu vitani, aliendesha magari ya Parks. Junior Johnson, dereva mwingine mashuhuri, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa pombe wa baba yake, akakaa gerezani karibu mwaka mmoja, kisha akarudi uwanjani akashangiliwa kama zamani. Rais Ronald Reagan alimpa msamaha mwaka 1986. Siku hizi, katika jumba la kumbukumbu la NASCAR mjini Charlotte, wageni huonyeshwa mtambo wa kupikia pombe uliotengenezwa na Johnson mwenyewe.

Hatupendi kuwahukumu kupita kiasi wakulima wale. Mtu anayepika pombe ili watoto wake wale si sawa na mfalme wa magendo, na Kanisa halikufundisha kamwe kwamba dhambi zote zina uzito mmoja. Kinachotusumbua ni desturi iliyozaliwa hapo: mwenye gari zuri alipofika getini na fedha mkononi, alifunguliwa, na hapakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Desturi hiyo ilizaa matunda yake katika kizazi kilichofuata. Mwaka 1969 John Bishop alianzisha chama kingine cha mashindano, IMSA, kwa msaada wa Bill France yule yule. Magari yake yalikuwa ya thamani kubwa, na mashindano mengine yaliendelea saa 12 au saa 24 bila kusimama. Injini zilikufa, matairi yaliisha, mafundi walipaswa kulipwa, na zawadi za washindi zilikuwa ndogo mno mbele ya gharama hizo. Ilimpasa mtu awe tajiri, au apate kampuni ya kumdhamini. Lakini zilionekana timu zenye magari mapya na malori mapya, bila jina la kampuni kubwa ubavuni. Watu walitania kwamba herufi za IMSA zina maana ya Chama cha Kimataifa cha Wasafirishaji wa Bangi. Utani wa namna hiyo husemwa na watu wanaojua jambo.

Ndugu wawili, Don na Bill Whittington, walishinda Saa 24 za Le Mans huko Ufaransa mwaka 1979 pamoja na Mjerumani Klaus Ludwig. Inasimuliwa kwamba walipokataliwa kuanza mbio walilinunua gari lenyewe papo hapo kwa fedha taslimu. Walikuwa pia wamenunua uwanja mzima wa mashindano, Road Atlanta. Mwaka 1986 Bill alikiri mashtaka ya bangi na kukwepa kodi, akahukumiwa miaka 15. Don alifungwa kwa kusaidia kusafisha fedha hizo. Randy Lanier alikuwa bingwa wa IMSA mwaka 1984 na timu yake mwenyewe, na mwaka 1986 alitangazwa dereva bora kati ya wageni wa Indianapolis 500. Wakati huo huo yeye na wenzake walikuwa wakiingiza bangi ya Kolombia kwa matishari makubwa, na sehemu ya faida yao ilizikwa katika nyumba ya kamari huko California. Alitoroka, akakamatwa katika kisiwa cha Antigua mwaka 1987, akahukumiwa kifungo cha maisha pasipo tumaini la kutoka. Alitolewa mwaka 2014. Tunasema wazi kwamba hukumu iliyofunga kila mlango kwa kosa la bangi haikutupendeza, na tulifurahi kusikia kwamba mlango ulifunguliwa.

Lakini habari inayotugusa kuliko zote ni ya baba na mwana, wote wawili wakiitwa John Paul. Mwezi wa Januari 1979 walikamatwa usiku kando ya mfereji mmoja huko Louisiana, katika shughuli ya bangi. Kijana alikuwa na miaka 18. Walikiri kosa, wakatozwa faini na kupewa kifungo cha nje. Basi kila aliyetaka kujua aliweza kujua. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1982, baba na mwana walishinda pamoja Saa 24 za Daytona na Saa 12 za Sebring, na mwisho wa mwaka kijana akawa bingwa wa IMSA akiwa na miaka 22. Watu walipiga makofi. Baba na mwana katika gari moja ni picha inayopendeza. Mwaka 1983 baba alimpiga risasi shahidi wa serikali, ambaye kwa neema ya Mungu hakufa. Mwaka 1986 baba alihukumiwa miaka 25. Mwana alikataa kutoa ushahidi dhidi ya baba yake, naye akahukumiwa miaka 5, katika umri ambao dereva hufikia kilele cha uwezo wake.

Tunapowafundisha watoto amri ya nne, mara nyingi tunaishia kwenye neno moja: tii. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2217, inakwenda mbele zaidi: mtoto akisadiki katika dhamiri yake kwamba agizo fulani ni ovu, hapaswi kulitii. Je, ni wangapi kati yetu tunaowasomea watoto sehemu hiyo? Tunaogopa kwamba itawafanya wakaidi. Kijana yule hakukosa heshima kwa baba yake, bali alikuwa nayo mpaka gerezani. Alikosa mtu mzima mmoja, miongoni mwa maelfu waliomshangilia, wa kumwambia kwamba kuna heshima nyingine ambayo ingemwezesha kukataa safari ile ya Louisiana. Mtoto wa Kongo anayetumwa na mzazi kuvusha dhahabu mpakani ndani ya mkoba wa shule yuko katika hali ile ile, nasi tunamwona.

Kuna jambo la kustaajabisha katika michezo hii. Kabla ya mashindano wakaguzi hulipima gari. Hupima uzito wake, urefu wake, injini yake, tangi la mafuta, na wakikuta lina upungufu wa kilo chache huliondoa. Kila kitu kilipimwa isipokuwa pesa. Wala msidhani mambo hayo ni ya zamani tu. Scott Tucker, aliyeendesha Le Mans na Daytona katika karne hii, aligharamia magari yake kwa kuwakopesha maskini kwa riba iliyofika asilimia 600 au 700 kwa mwaka; mwaka 2018 alihukumiwa miezi 200.

Kanisa lenyewe limejaribiwa kwa namna hiyo. Huko Palermo, padri Pino Puglisi alikataa fedha za mafia zilizotolewa kwa ajili ya sikukuu za watakatifu parokiani kwake. Waliuawa wengi kabla yake, naye akauawa tarehe 15 Septemba 1993. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 2013. Mwaka uliofuata Papa Fransisko, akiwa Calabria, alitamka kwamba watu wa mafia wametengwa na Kanisa. Nasi tunaye wetu. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma hakuwa padri. Alikuwa mlei kama sisi, mwenye miaka 26, na kazi yake ilikuwa hasa hiyo ya mkaguzi: kukagua bidhaa zinazovuka mpaka. Alipopewa fedha ili apitishe chakula kilichoharibika, alikataa, akauawa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, alitangazwa mwenyeheri.

Tunamwomba atuombee, na picha yake tumeibandika ukutani. Lakini siku ya mavuno, mnunuzi wa madini akiinua mkono na kutaja dola nyingi kwa jogoo mmoja, sisi ndio wa kwanza kupiga vigelegele, na mpendekezaji wa kumkalisha kiti cha mbele hutoka katika kamati yetu wenyewe. Twajitetea kwamba paa la kanisa halijaisha, kwamba fedha ni fedha, kwamba Mungu ataitakasa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, hakubaliani nasi hata kidogo kuhusu sadaka iliyotokana na mali ya maskini.

Tunapendekeza jambo dogo. Kila halmashauri ya parokia iwachague walei wawili, mwanamume na mwanamke, ambao pamoja na paroko watamtembelea nyumbani mtoaji wa zawadi kubwa, kwa heshima na bila mashahidi, wamuulize: "Mzee wetu, hii imetoka katika kazi gani?" Na jibu lisipowaridhisha, warudishe, wasiandike jina lake popote. Twajua hasara yake. Paa litachelewa mwaka mmoja au miwili, na mvua za Novemba zikija tutasali chini ya turubai, kama tulivyosali zamani.