GARI MOSHI NA NDEGE ZIKUTANE

Mwaka huu nimeonelea nisiandike juu ya dawa za kulevya wala ukataji wa miti, kwa maana wenzangu wameyaandika hayo na bado watayaandika. Nataka tuzungumze juu ya safari fupi sana: ile ya kutoka stesheni ya reli hadi kwenye jengo la abiria katika uwanja wa ndege.

Najua kuna atakayeguna na kusema, "Haya yatuhusu nini sisi ambao ndege tunaiona angani tu?" Swali zuri. Lakini hebu tujiulize, ni akina nani wanaoingia katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta kila siku? Si mabwana wenye mikoba peke yao. Kuna wafagiaji, wapishi, walinzi na wapakuaji mizigo. Hawa huenda huko mvua inyeshe jua liwake, Krismasi na Idi zikiwemo, na wengine zamu yao huanza kabla jogoo hajawika. Kuna pia vijana wanaokwenda kutafuta kazi katika nchi za Ghuba, na kila mmoja husindikizwa na jamaa tele, kuanzia nyanya hadi wajukuu. Wote hao hutegemea barabara. Jam ikishika katika Barabara ya Mombasa, ndege haimngoji mtu.

Tusisahau yale mema yaliyofanywa. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mnamo Novemba 2012. Mwaka wa 2017 reli ya SGR ikaanza kazi, na stesheni yake kuu ya Nairobi ikawa huko huko Syokimau. Wakubwa walitambua kwamba msafiri kutoka Mombasa akishushwa hapo bado hajafika mjini, ndipo yakawekwa magari moshi ya reli ya zamani ya kumfikisha katikati ya jiji. Kumbe kuunganisha tunajua! Mbona basi uwanja wa ndege, ambao ni jirani wa Syokimau, hauna reli inayofika mlangoni mwake? Abiria wa gari moshi bado humalizia safari yake barabarani.

Tuangalie wenzetu ng'ambo. Katika viwanja vingi vikubwa kuna vigari vya reli visivyo na dereva, vinavyokwenda na kurudi mchana kutwa vikiongozwa na mitambo. Uwanja wa Tampa, Marekani, ulianza kuvitumia mwaka wa 1971 kuwapeleka abiria kwenye ndege zao. Baadaye watu wakafikiri: mbona kigari hiki kisifike mpaka stesheni ya reli ya mjini?

Katika uwanja wa Luton, karibu na London, stesheni ya reli ilifunguliwa mwaka wa 1999, lakini abiria akishuka ilimbidi apande basi. Mwaka wa 2023 ndipo kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma kilipoanza, nacho huchukua muda usiozidi dakika nne. Hesabu mwenyewe: walikaa miaka 24 wakitumia basi, na uwanja haukufungwa.

Lakini jiji lenye funzo kubwa ni New York. Katika uwanja wa JFK, vigari viitwavyo AirTrain vilianza mnamo Desemba 2003, vikiunganisha majengo ya abiria na stesheni za reli za Jamaica na Howard Beach. Kazi nzuri kweli. Ila sikilizeni jambo hili: anayeacha gari lake katika maegesho ya uwanja hupanda kigari bila malipo, lakini aliyekuja kwa reli ya mjini hulipa nauli nyingine. Mwanzoni ilikuwa dola 5, na sasa imepita dola 8. Yaani mwenye gari anapewa bure, na asiye na gari anatozwa! Hapo mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Jiji lilo hilo lina uwanja mwingine uitwao LaGuardia. Huko nako walipanga kujenga AirTrain, lakini makadirio ya gharama yakapanda hadi kupita dola bilioni 2, na mwaka wa 2023 mpango huo ukaachwa. Badala yake ikaamuliwa kuboresha mabasi. Tayari kulikuwa na basi la Q70 linalotoka stesheni ya reli hadi uwanjani, na tangu 2022 halitozi nauli.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tusianze kwa kuota vigari vya mabilioni na huku watu wanachelewa leo. Kwanza, pawe na basi la kutoka Syokimau hadi uwanja wa ndege linaloondoka kila gari moshi linapoingia, alfajiri na usiku pia, wakati wa zamu. Pili, tikiti ya gari moshi itoshe kwa basi hilo. Tatu, serikali itenge tangu sasa ardhi ya kupitisha reli ndogo hapo baadaye, kabla majumba hayajaota kama uyoga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine watasema kwamba barabara ya juu, ile Expressway iliyofunguliwa 2022, imekwisha maliza shida. Nakubali, imemsaidia mwenye gari na pesa za kulipia njia. Lakini mfagiaji mwenye mshahara mdogo hana gari la kupitisha huko juu. Watasema pia kwamba basi la bure ni hasara. Je, barabara tunazopanua kila mara, hizo hujengwa kwa majani? Basi moja lililojaa hubeba watu ambao wangehitaji teksi nyingi.

Wenzangu mnaopenda hisabati na fizikia, huenda miongoni mwenu yumo mhandisi atakayechora reli hiyo siku moja. Ukifika huko, ndugu yangu, usianze na rangi za vigari wala vioo vya kung'aa. Anza na kuuliza: yule anayeingia zamu saa kumi na moja alfajiri atafikaje, na atalipa shilingi ngapi? Jibu lake likiwa zuri, hata mwenye tikiti ya ndege atafika bila wasiwasi.

Asiyekubaliana nami na aje katika mkutano wa Chama cha Kiswahili tujadiliane. Kwa sasa kalamu naiweka chini.