Kabla ya kuiuliza simu, kiulize kichwa chako

Siku hizi kijana akishindwa mchezo wa sataranji kwenye simu, hata dakika haipiti kabla hajabonyeza kitufe cha uchambuzi. Mashine inampangia makosa yake kwa rangi: hapa umekosea kidogo, hapa umekosea vibaya, hapa ungesogeza farasi. Anatazama, anatikisa kichwa, anaanzisha mchezo mwingine. Kesho yake anarudia kosa lile lile. Uchambuzi wa namna hiyo haumfundishi mtu kitu, na kwa kijana wa Bijombo ni chaji iliyopotea bure.

Tusielewane vibaya, mashine yenyewe ni neema. Stockfish, programu inayomshinda mchezaji yeyote duniani, ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2008, na inafanya kazi ndani ya simu ya kawaida bila intaneti. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilihitaji kompyuta nzito, Deep Blue, iliyopima hali milioni 200 za mchezo kwa sekunde, ili kumshinda Garry Kasparov kule New York. Leo kilicho mfukoni mwa mwanafunzi kinaipita Deep Blue kwa uwezo.

Huku kwetu milimani juu ya Uvira, ambako vita vimewatoa watu vijijini mwao mara nyingi, masomo yanakatika, umeme ni wa paneli ya jua na mtandao unaufuata kilimani, vifaa vya elimu tunavyolingana na watu wa Oslo au Paris vinahesabika. Hiki ni kimojawapo. Magnus Carlsen na mtoto wa mfugaji wa Bijombo wanaweza kuiuliza programu ile ile. Ndiyo maana inaniuma kuona inavyotumiwa.

Tatizo ni kwamba mashine inatoa jibu bila sababu. Inakuandikia namba, tuseme 1.0 kwa upande wa mweupe, nawe unadhani umeelewa. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2022 waundaji wa Stockfish wameipanga namba hiyo upya: 1.0 maana yake ni kwamba Stockfish, ikicheza na mpinzani wa nguvu kama zake, ina nafasi ya asilimia 50 ya kushinda. Wewe hukucheza na mpinzani wa namna hiyo. Ulicheza na jirani yako, naye pia hakuiona hatua ile. Kosa linalokugharimu michezo mara nyingi si lile ambalo mashine inalipigia kelele zaidi. Ni lile unalolirudia kila wiki kwa sababu kuna jambo hulijui, kwa mfano kumwacha mfalme katikati ya ubao huku ukikimbilia kula askari wa pembeni.

Mwalimu angeliona. Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyefika kwenye Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, alikuwa na Robert Katende mbele yake, mtu wa kumfuatilia na kumuuliza. Ukisogeza kete ovyo, mwalimu anataka kujua ulikuwa unawaza nini. Simu haiulizi. Basi asiye na mwalimu inabidi ajiulize mwenyewe, na ajiulize kabla mashine haijasema, kwa sababu ukishaliona jibu huwezi tena kujifanya hulijui.

Si jambo geni. Mikhail Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1948, alichambua michezo yake mwenyewe na kuichapisha ili wengine wapate kuikosoa. Hakukuwa na mashine ya kumsaidia. Kasparov alipita katika shule yake.

Kwa hiyo mimi nasema: daftari kwanza. Andika mchezo wako hatua kwa hatua. Upitie kwenye ubao, hata ule wa katoni wenye vizibo vya soda vilivyoandikwa majina ya kete, uweke alama pale ulipoogopa, pale ulipokuwa na njia mbili ukachagua moja, na pale unapodhani mchezo uligeuka. Andika kwa maneno yako ulichokuwa unawaza. Hapo ndipo uwashe programu, uipeleke moja kwa moja kwenye sehemu hizo. Ikisema hatua yako ni mbaya, usikubali haraka: icheze dhidi yake, ulazimishe mashine ikuonyeshe adhabu yake. Ukiiona kwa macho yako, huisahau upesi. Na usipoiona hata baada ya hatua nyingi, achana nayo, huenda hilo ni jambo la mabingwa, litakungoja.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ushauri wa watu wenye muda. Mimi naona ni kinyume. Simu iliyochajiwa kwa kulipa, na kutumiwa na nyumba nzima, haiwezi kuachiwa injini ipige hesabu saa mbili. Kupitia mchezo kwenye ubao hakuli chaji. Maswali matatu yaliyokwisha kufikiriwa yanakula dakika chache tu.

Na injini ni ya baada ya mchezo. Hilo lisingehitaji kuandikwa, ila Aprili 2015 grandmasta mmoja wa Georgia alikutwa Dubai akiwa ameficha simu chooni katikati ya shindano. Alifungiwa miaka mitatu na kuvuliwa cheo.

Walimu wa sekondari wanaoshuka Uvira kwa shughuli zao wanaweza kuanza na simu moja tu. Faili la programu linapita kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, bila kununua mega hata moja. Kinachobaki kununua ni daftari na kalamu.