Jina la Shemeji Halinunui Jiko

Kule Marekani, kununua nyama kwa jumla pale Costco lazima kwanza ulipe ada ya uanachama ya kila mwaka. Sisi hapa Bondo tuna chama, na kwa maoni yangu chama ni bora: mbuzi anachinjwa asubuhi, mnagawana siku hiyo hiyo, hakuna kuhangaika na friza stima ikipotea.

Shida ni malipo. Disemba iliyopita tulichanga watu watano tununue mbuzi na jiko la kuchomea. Mbuzi hakutusumbua. Tulimwona, tukampapasa mgongo, tukalipa. Jiko ndilo lilituumiza. Muuzaji tuliyempata kwa simu alituma picha, akaomba nusu ya pesa. Jina lililotokea kabla ya PIN halikuwa lake. Akasema ni la shemeji. Nikabonyeza. Hadi leo jiko sijaliona. Nyama tulichoma kwa mawe matatu na wavu wa kuazima (ilikuwa tamu, lakini pesa za watu nilizilipa mimi).

Wengi wetu tunapitisha macho tu kwenye lile jina. Hapo ndipo pa kusimama. Jina silo? Ghairi kwanza, uliza baadaye. Ana biashara? Lipa kwa Till yake, jina la duka litaonekana na ujumbe unabaki kama risiti. Ukishatuma kimakosa kwa M-PESA, peleka ule ujumbe kwa 456 haraka, kabla pesa hazijatolewa kwa wakala.

Mwaka huu jiko tutalifuata wenyewe Kibuye, Kisumu, kwa mafundi wa jua kali. PIN nitaibonyeza nikiwa nimelishika.