Sheria si suti: neno kwa wadogo zangu wa Mpanda

Leo naomba niongee na wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita kule Mpanda, Inyonga, Karema na Kibaoni, ambao wameshaamua kwamba wanataka kusoma sheria. Wengi huniuliza swali moja: "Kaka, chuo gani cha sheria kina jina?" Wananiuliza kwa sababu kabla sijaingia kwenye uandishi wa habari nilipitia darasa la sheria. Jibu langu huwa linawakera kidogo. Nawaambia hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: unataka sheria ya kumfanyia nani kazi?

Najua tulikolitoa hilo la jina. Kwetu mfano uko mlangoni. Mzee Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima kama alivyopenda kujiita, alimaliza shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, akaanza kazi kama wakili wa serikali, na kuanzia 2008 hadi 2015 akawa Waziri Mkuu. Kitivo hicho cha sheria ndicho kilichoanza kabla ya vingine vyote, Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwamo mama Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Historia nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba mtoto wa Mpanda akiisikia, anaona cheo, gari na suti. Kazi yenyewe haioni.

Hebu tuitazame kazi yenyewe, tena pale pale nyumbani.

Katumba na Mishamo wanaishi watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto na wajukuu wao. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, wa makazi yetu na yale ya Ulyankulu kule Tabora, wamekubaliwa uraia. Vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Miaka minne katikati hapo mtu ni nani? Anapanga maisha kwa karatasi gani? Hilo ni swali la sheria, na aliyekuwa akijiuliza ni jirani yako uliyekaa naye dawati moja.

Njoo kwenye ndoa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi iliongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Wakati huo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akikubali. Aliyekwenda mahakamani kuipinga ni Rebeca Gyumi, dada aliyesoma sheria hapa hapa nchini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikampa ushindi, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakataa rufaa ya serikali na kutoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mwaka huo ukapita bila marekebisho. Umeona sasa? Kushinda kesi ni nusu ya safari, na nusu nyingine inahitaji watu wa kusukuma.

Tukija kwenye ardhi tutakesha. Wakulima na wafugaji, mipaka ya vijiji, misitu na Hifadhi ya Katavi. Na shauri likifika ngazi ya Mahakama Kuu, kanda yetu iko Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mpanda. Mama anayegombania shamba la ekari mbili ataipata wapi nauli ya kwenda na kurudi kila kesi inapoahirishwa?

Sasa turudi kwenye kuchagua. Mimi kabla ya kuomba chuo nilikwenda kukaa mahakamani siku chache, nikiwa mtazamaji tu. Mahakama ziko wazi kwa kila mtu, hulipi kiingilio. Nenda mahakama ya mwanzo, kaa benchi la nyuma, sikiliza. Ukiona uvivu baada ya saa moja, huenda sheria unayoipenda ni ile ya kwenye filamu. Ukitoka pale unajiuliza kwa nini yule mzee kashindwa wakati kila mtu anajua shamba ni lake, basi una ugonjwa wenyewe. Karibu.

Ukishajua hilo ndipo uulize kuhusu chuo. Maswali yangu yalikuwa matatu. Je, wanafunzi wanaandika nyaraka za kesi, yaani hati ya madai, hati ya kiapo, hoja za rufaa, au wanasikiliza mihadhara tu? Je, chuo kina kitengo cha msaada wa kisheria ambacho mwanafunzi anakutana na mwananchi mwenye tatizo la kweli? Je, waliotangulia wanasemaje kuhusu maktaba na walimu? Jina la chuo halikuwamo kwenye orodha.

Kwa nini nasisitiza kuandika? Kumbukeni Oktoba 2022. Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile mtaani tunayoiita Law School, yaliwatoa watu jasho. Waliofanya mtihani walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja 26. Wenye sapu 342. Waliodisko 265. Nchi nzima ikabishana: wengine wakailaumu taasisi, wengine vyuo vikuu, wengine wanafunzi. Waziri Damas Ndumbaro akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze.

Kila upande ulikuwa na hoja. Mimi naongeza yangu: utamaduni wa madesa unatumaliza. Ukikariri desa la mwaka juzi utapata alama za kumaliza shahada. Lakini siku utakapopewa jalada la mteja na kuambiwa andika, desa halina la kukusaidia. Wanaosema jina la chuo linafungua milango hawakosei, hasa kwenye maofisi ya Dar. Ila ukiwa ndani ya mtihani wa vitendo, jina la chuo halikuandikii hati ya madai.

Basi nilisalimikaje? Kikwazo cha kwanza kilikuwa Kiingereza cha hukumu. Sentensi moja inaanza ukurasa huu na kuishia ukurasa wa pili! Tukaunda kikundi cha watu watano, na sharti letu lilikuwa rahisi: ukisoma hukumu, uisimulie kwa Kiswahili kana kwamba unamwambia shangazi yako wa Sitalike. Nani kamshitaki nani, kwa lipi, mahakama ya chini ilisemaje, ya juu ikasemaje, na kwa nini. Shangazi asipoelewa, ujue wewe ndiye hujaelewa. Hukumu zenyewe tulizipata bure kwenye tovuti ya TanzLII, hivyo hata bumu likichelewa, kusoma hakukusimama.

Na hapa mtoto wa Mpanda ana bahati ambayo haioni. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Hazina ya hukumu za nyuma bado imejaa Kiingereza, kwa hiyo usikitupe. Lakini wakili wa kesho ni yule atakayesoma hoja ngumu kwa Kiingereza na kuiandika kwa Kiswahili safi kinachosimama mbele ya jaji. Vyuo vyetu navyo viache kusitasita. Vifundishe uandishi wa nyaraka kwa Kiswahili kuanzia mwaka wa kwanza, na vitoe mtihani wake.

Kama alama hazikutosha kwa shahada, usilie. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa cheti na stashahada ya sheria. Na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi. Kwa kijiji kisicho na wakili hata mmoja, msaidizi anayejua kipi kinapelekwa wapi, na ndani ya muda gani, anaweza kuokoa shamba la mtu.

Ombi langu la mwisho ni kuhusu mafunzo ya vitendo ya likizo. Kila mwaka tunabanana Dar es Salaam kwenye ofisi ambako kazi ya mwanafunzi ni kutoa fotokopi na kununua chai. Fanya yako Mpanda. Panda treni ya Tabora kupitia Kaliua, au basi, nenda ukakae mahakamani, baraza la ardhi au ofisi ya ustawi wa jamii. Huko watu ni wachache na kazi ni nyingi, utashika jalada wiki ya kwanza. Halmashauri zetu nazo zitenge hata chumba na posho kidogo kwa vijana hawa. Ni gharama ndogo kuliko kuwasubiri warudi wakiwa wameshazoea Posta.

Suti utanunua tu, mitumba ipo. Naomba kuwasilisha.